Ramani ya Ukutani na Vipindi Vyangu vya Sanaa

Jumatatu, 11 Agosti
Kikao cha walimu. Madam Restuta, mwalimu mkuu wetu, anasema Ijumaa tunapokea walimu wa shule ya msingi ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Ujirani mwema. Anataka ramani kubwa ya Tanzania kwenye ukuta wa nje wa ofisi yake. Ikipendeza, vipindi vyangu vya sanaa vinabaki. Isipopendeza, vinakwenda Hisabati, kwa sababu darasa la nne wana mtihani na mimi, kasema mbele za watu, nawafundisha kuchora mbuzi tu. Mbuzi tu! Mbuzi wenyewe hajawaona. Wana vivuli!

Nsajigwa wa Jiografia akadakia. Eti nichore miraba kitabuni, nichore na ukutani, kisha nihamishe mraba kwa mraba. Nikamjibu hiyo ni kazi ya fundi vigae, msanii hupima kwa jicho. Akafunga daftari lake. Nimemweza.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeanzia Dar es Salaam, kwa heshima yake. Pwani imetoka vizuri mno. Zanzibar nimeiwekea minazi. Watoto wakashangilia, nikanogewa, nikaitanua Dodoma. Nikaendelea kusogea magharibi na raha zangu, mara nimegota dirishani. Mbeya inagusa fremu! Kigoma na Rukwa nimezipitisha juu ya dirisha kwa taabu. Songwe haina pa kukaa. Nani aliweka dirisha pale?

Nikaiteremsha Tunduma, mji wetu, chini ya dirisha, penye nafasi. Pembeni nikaandika NAKONDE kwa herufi kubwa, wageni wajione.

Chai ya saa nne, Nsajigwa akaja na kikombe chake. Akauliza kama kesho tuje kazini na pasipoti, maana mpaka nimeuchora juu na mji wetu umebaki Zambia. Ofisi nzima ilicheka. Hata mama wa uji.

Jumatano, 13 Agosti
Nimefuta mpaka mwekundu kwa mafuta ya taa. Haukufutika, ulisambaa. Doa jekundu kuanzia Mbeya kushuka chini, utadhani pamechinjwa kuku. Nikalipaka lote rangi ya kijani ya Tanzania, nikachora mpaka mpya chini kabisa, kwa ukarimu, Tunduma isipotee tena. Safi. Vipindi vyangu vimepona.

Alhamisi, 14 Agosti
Nsajigwa kaitazama ramani muda mrefu. Kisha kwa upole, upole unaoudhi, akanieleza kuwa Nakonde nayo sasa iko Tanzania, na mashamba yao ya nyuma. Nimevamia nchi ya watu.

Wageni kesho, na rangi nyekundu imekwisha! Akajitolea kubaki jioni anisaidie, ila kwa miraba. Thubutu! Anataka aonekane yeye. Nimekataa. Nimechukua michoro ya darasa la nne, nikaibandika kona yote ya Nakonde kwa uji wa unga. Inaonekana kama maonyesho. Kwa kweli akili ninayo.

Ijumaa, 15 Agosti
Wageni wamefika. Mkuu wao anaitwa Madam Blessing, mcheshi sana. Kawasalimia watoto kwa lugha ya kwao, "mulishani", wakaitika kwa kelele. Kasifu pwani. Kasifu minazi. Nikamwangalia mwalimu wa Hisabati kwa dharau.

Kisha akaja kwenye kona. Akaona mchoro wa mwanafunzi wangu Tukuswiga: watu wamepanga foleni mpakani na hati zao mkononi, mbuzi anapita katikati, hakuna anayemuuliza kitu. Alicheka hadi akaegemea ukuta. Akaomba aondoke nao. Kabla sijamfikia, ameshaubandua.

NAKONDE. Ndani ya Tanzania.

Nilitamani ardhi ipasuke. Madam Blessing akauliza kama mshahara wake sasa utatoka Dodoma. Wenzake wakaangua kicheko. Wetu walimtazama kwanza Madam Restuta. Hakucheka. Nsajigwa aliangalia viatu vyake, mabega yakimtetemeka.

Jumamosi, 16 Agosti
Madam Restuta kaniita asubuhi. Aliyonieleza siyaandiki. Mwishowe kasema Madam Blessing ameomba watoto wa shule zetu wawe wanabadilishana michoro, kwa sababu ya yule mbuzi. Basi sanaa imepewa wiki moja. Nipake chokaa, nichore upya, Nsajigwa asimamie miraba. Mji mmoja tu ukikosea njia, Hisabati wanachukua. Nikasema ndiyo Madam.

Nsajigwa anakuja Jumatatu na rula ya ubaoni. Nimewahi mimi. Chokaa imekauka mchana, na kosa nimeshaligundua: nilianzia Dar. Leo nimeanzia Tunduma, kwa jicho, nafasi tele, hadi foleni ya malori imeingia yote. Imependeza ajabu! Jioni hii nimefika Morogoro, ukuta umeisha.

Jumatatu nitamwomba Madam Restuta mlango wa ofisi yake awe anauacha umefungwa, maana Dar es Salaam nimeichora hapo.