Mwavuli wa Benki na Kidole cha Mama

Jumatatu, 1 Septemba 2014

Nimeamua. Nafungua akaunti ya benki. Aibu ya juzi haitajirudia!

Juzi Jumamosi Mama alikuja kutoka Bwera, kama kila mwisho wa mwezi. Akasimama mlangoni pa hosteli, akaanza kufungua fundo la kitenge kwa meno ili atoe pesa zangu za matumizi. Kwapani ameshika bundu, ule ugali wetu wa muhogo, umefungwa kwa jani la mgomba. Ronah wa darasa letu akatokea. Mama akamsimulia kwamba mimi Nobert nilinyonya mpaka nikajua kuhesabu. Lo!

Shafic, mwenzangu wa chumba, ana kadi ya benki. Anaiweka kwenye mfuko wa shati, tena shati jepesi, ionekane. Hakuna anayejua Shafic alinyonya mpaka lini.

Mpango: Mama anaweka pesa Bwera, mimi nazitoa hapa Kasese. Hakuna fundo, hakuna bundu, hakuna historia.

Jumanne, 2 Septemba

Utafiti. Nimezunguka benki za mjini tangu asubuhi. Masomo yatasubiri.

Benki ya kwanza inawapa wanafunzi fulana ya njano, pana kama hema. Ya pili haitoi kitu, lakini ndani kuna ubaridi mtamu. Nilikaa mpaka askari akaniuliza ninamsubiri nani. Ya tatu inatoa mwavuli! Mkubwa, wa watu wawili. Nikawaza mvua inashuka kutoka mlimani, mimi na Ronah chini yake. Shafic akauliza kuhusu makato ya kila mwezi. Nikamwambia makato hayazuii mvua.

Nimempigia Mama. Mwavuli haukumgusa. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na fungulo ingine itakuwa na nani?"

Tatizo ni lile sanduku. Mama na wenzake wanaouza mawese Bwera huweka akiba yao kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Kila ufunguo unakaa kwa mwanamke wake, na sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo. Mama ana mmoja, jirani yetu Mama Kulusum ana wa pili. Nikaeleza kwamba benki haina mambo hayo. Akasema basi anakuja kuiona hiyo benki.

Ijumaa, 5 Septemba

Maafa!

Alikuja, na Mama Kulusum pembeni kama shahidi. Kwenye benki ya mwavuli tulihudumiwa na Lanyero, dada mpole kutoka Gulu. Mama akamuuliza habari ya ufunguo wa pili. Nilimkonyeza Lanyero. Nilikohoa. Hakuelewa, au alielewa akaamua kuwa mkweli. Akasema ipo akaunti ya watu wawili, ambayo hakuna anayetoa kitu mpaka wote wawe mbele yake.

Uso wa Mama uling'aa kama siku ya harusi. Akasema ndiyo hiyo.

Akaunti ya watu wawili haina kadi. Haina mwavuli. Mimi niliweka sahihi, Mama akaweka kidole gumba, baada ya kukifuta mawese kwenye kitenge. Wakaenda zao wakicheka. Shafic naye amecheka mpaka kalala chini.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwahidi Ronah kuku wa kuchoma. Kuku yuko benki. Kidole cha Mama kiko Bwera.

Hapo nikapata wazo. Kidole gumba cha mguu wangu! Ni kipana, kina nyufa, kinafanana kabisa na cha Mama. Nikakipaka wino wa bluu, nikajaribu juu ya daftari la Shafic mpaka kikatoka safi. Nikabandika kwenye karatasi ya kutolea pesa, nikaipeleka.

Lanyero akauliza Mama yuko wapi. Nikasema yuko nje, ananunua soda. Akainuka akamsalimie. Nilitoka mbio kabla hajafika mlangoni.

Wino hautoki. Ronah ameona kidole cha bluu kwenye ndala, akauliza kama nimeumia. Nikasema mpira. Akanibebea vitabu hadi maktaba, nikichechemea. Siku haikuwa mbaya sana.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimerudi kwa Lanyero kwa heshima zote. Anasema Mama anaweza kujiondoa, lakini aje mwenyewe aweke kidole mara ya mwisho. Nikishabaki peke yangu, napata kadi na mwavuli.

Nimempigia Mama, nikaeleza kwamba namhurumia kwa safari. Aliuliza ni nani aliyelalamika kuhusu safari. Kisha akasema sawa.

Jumamosi, 27 Septemba

Sijui niandikeje leo.

Walifika mapema, Mama amevaa gomesi, gauni lake refu la kanisani. Alipoingia dukani kununua sabuni, Mama Kulusum akanivuta kando. Akaniambia gomesi hiyo hupigwa pasi tangu Alhamisi. Nikasema si angetuma pesa kwa simu, kama watu wote wa Bwera. Alinitazama kama mjinga.

"Simu anayua vizuri. Mimi mwenyewe, ni yeye alinifundisha. Tangu baba yako afe, ile nyumba iko kimya. Anatafuta tu sababu ya kukuya."

Baba alikufa mwaka jana, na mimi nilirudi chuoni wiki iliyofuata. Nilidhani aliyebaki na upweke ni mimi.

Dirishani Lanyero akasogeza wino. Mama akachovya kidole. Kikabaki juu ya karatasi, hakishuki.

"Kama mutoto anapenda hivi, mi naweka," alisema. "Sasa Kasese mi nitakuya kufanya nini?"

Mwavuli ulikuwa pale nyuma ya Lanyero, bado na nailoni yake. Nikavuta karatasi. Nikamwambia Mama aache, mimi nina mkono mwepesi, pesa zitaisha kabla ya mitihani, benki bila yeye itafilisika. Mama alifuta kidole polepole kwenye kitenge. Tulipokaa kwenye ngazi za benki kula bundu na samaki, alinichagulia kipande chote kisicho na miiba. Akaona kidole changu cha mguu. Akamwambia Mama Kulusum kwamba hata utotoni nilikuwa napenda kuchezea wino.

Ronah alipita. Nilimkaribisha akala.

Jumatano, 1 Oktoba

Mwisho wa mwezi ni mbali! Lakini nina mpango. Nafungua akaunti nyingine, ile ya fulana, nayo iwe ya watu wawili. Mama atalazimika kuja katikati ya mwezi pia. Nimempigia, nikamwambia serikali imekaza sana sheria za benki, sina la kufanya. Akauliza kwa sauti ya huzuni kubwa kama ni Ijumaa au Jumamosi, ajue siku ya kupiga pasi.

Shafic ameuliza kwa nini simwambii tu kwamba namkumbuka, aje.

Nimemwambia mambo ya benki hayajui.