Kuhusu Dada Anayenitunza Bila Kibali Changu

Ndugu Daktari,

Salamu kwako na kwa yule muuguzi mwenye kicheko. Mimi ni yule fundi viatu aliyeletwa kwako na dada yake mkubwa, ukatuambia ninaumwa sonona. Naandika kwa heshima zote kukuomba umkanye dada huyo, maana tangu ahamie kwangu sina tena nafasi ya kuhuzunika kwa utulivu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alinigundua bila ruhusa. Mtaani najulikana kwa ubishi. Watu huniita Sikubali, na jina hilo nimelitolea jasho. Siku moja kwenye simu nikamjibu "sawa, dada" kwa kila alichosema. Mtu mwingine angeshukuru kwamba hatimaye nimepata adabu. Yeye alikata simu, akapanda gari, akanikuta kitandani na nguo za juzi. "Wewe ukubali kila kitu?" akasema. "Hapana, mdogo wangu, unaumwa."

2. Ananiharibia wageni. Shemeji yetu alikuja na hotuba nzuri tu, kwamba mwanamume hujikaza. Dada akamuuliza, "Shemeji, mwenye malaria naye unamwambia ajikaze?" Kisha akampa ufagio. Hotuba iliishia hapo na ua ukawa safi, ingawa kuhusu ua silalamiki.

3. Aliniuliza kama nafikiria kufa. Waziwazi, Daktari, huku akimenya vitunguu, kwa sauti ileile ya kuuliza kama chumvi imekolea. Nikajibu ndiyo. Hakupiga kelele. Aliweka kisu chini, akasogea karibu, hakuniacha peke yangu mpaka tulipofika kwako. Kinachoniudhi ni kwamba baada ya kumjibu nilipata usingizi, nami usingizi ulikuwa umenikimbia siku nyingi.

4. Ananiletea viatu vya kushona, mguu mmoja mmoja. Leo wa kushoto, keshokutwa wa kulia, eti nisichoke, na niwe na sababu ya kuamka. Nimefanya kazi hii tangu ujana, sijaona mteja wa namna hiyo. Na viatu vyote ni vyake. Juzi alikwenda sokoni na kiatu mguu huu, ndala mguu ule, akitembea kama bibi harusi.

5. Hanishauri chochote. Nikinyamaza, ananyamaza. Nikimeza dawa, naye anakunywa glasi ya maji kunisindikiza. Sasa nimgombeze kwa kosa gani, la kunywa maji?

Kwa hiyo naomba uniandikie barua yenye mhuri, imwamuru arudi kwake haraka iwezekanavyo.

Nakutakia kazi njema. Wasalimie wote hapo, pamoja na mlinzi wa getini, ambaye bado sijamaliza naye ubishi wetu kuhusu mpira.

Wako asiyekubali,
Fundi Viatu

N.B. Dada ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, akalia kidogo, akasema Sikubali amerudi na kazi yake imekwisha. Sasa hivi anakunja nguo zake. Daktari, tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Mwambie bado, bado kabisa, akae japo mpaka mwisho wa mwezi. Kwa upande wangu nimefanya ninaloweza: kiatu chake cha kulia nimekificha, na sina haraka ya kukishona.