Nilivyopunguza Magari Mtaa wa Holler

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimehesabu magari yaliyoegeshwa mtaani tangu saa kumi na mbili asubuhi, mvua ikinipiga. Mia na kumi na nane. Mwaka jana, kabla hatujaweka kituo cha magari ya kushirikiana, yalikuwa mia na kumi na manne. Yaani yameongezeka!

Nikarudia kuhesabu, safari hii nikianzia upande wa kanisa. Mia na kumi na tisa. Kuna bwana alikuja kuegesha wakati nahesabu. Nikamkodolea macho. Akanipungia mkono.

Niliiandikia manispaa ya Bremen kwamba kila gari la kushirikiana, linalokodiwa kwa saa na mtaa mzima, litaondoa magari kumi ya watu binafsi. Tunayo mawili. Hesabu ya mwisho ni Jumamosi. Jumanne itakayofuata kamati ya manispaa inaamua kama kituo kibaki, au nafasi zirudishwe kwa wenye magari yao. Kituo kikiondolewa, na mkataba wangu wa kazi umekwisha.

Jumatano, 11 Oktoba

Wiebke Onken, mwenzangu pale kwenye taasisi ya utafiti, anahesabu mtaa wa kulinganishia, ule usio na kituo. Akauliza naendeleaje. Nikasema vizuri mno. Akasema nisitegemee hesabu ya barabarani peke yake: gari ambalo mtu hakulinunua halionekani popote, mpaka umuulize mwenyewe. Je, madodoso yangu ya Aprili, yale waliyojaza wakazi, yamesemaje?

Yamo kwenye boksi. Sijalifungua. Miandiko ya wazee! Ni wazi Wiebke anaitaka kazi yangu. Hata keki ya siagi ameniletea. Mjanja sana.

Jioni Bi Tietjen, jirani wa namba kumi na saba, alinisimamisha. Ni mjane. Aliuza gari la marehemu mumewe kwa sababu yangu. Nilikaa jikoni kwake nikamwapia kwamba la kituo litakuwepo siku zote. Sasa gari la kituo ndilo linalompeleka dada yake kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Akauliza kama ni kweli wanalichukua. Nikamwambia, “Bibi, niachie mimi.” Akaniangalia kama watu wa hapa wanavyoangalia mawingu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimepata! Nimetia barua kila mlango: kifungua kinywa cha bure Jumamosi, ng’ambo ya mto, kwenye bustani ya shemeji yangu Gerold. Maegesho tele. Nimesaini “Kamati ya Majirani”. Kamati hiyo haipo.

Jumamosi, 14 Oktoba

Arobaini na moja! Nimehesabu mara tatu, karibu nilie. Kila gari letu limeondoa thelathini na nane na nusu. Hakuna jiji duniani lililofika hapo! Kabla ya saa sita nikawa nimeshaituma hesabu kwa manispaa.

Kifungua kinywa nilikisahau. Gerold amepiga simu mara tisa. Amesema kuna watu mia na ushee langoni, wanauliza mkate uko wapi, na mmoja amekalia kabichi zake.

Jumatatu, 16 Oktoba

Wiebke ameniita. Akaniwekea picha mezani, moja baada ya nyingine. Magari sabini na saba, yote yana kibandiko cha wakazi wa Holler, yote yameegeshwa kwenye mtaa wake wa kulinganishia. Bustani ya Gerold iko mwisho wa mtaa huo. Na mitaa yote miwili huhesabiwa siku ileile, saa ileile. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Hakunifokea. Ingekuwa nafuu. Alisema amefungua boksi. Kaya tisa ziliuza gari. Nyingine kumi na nne zilikuwa zinunue, zikaacha kwa sababu ya kituo. Ishirini na tatu kwa magari mawili.

Zaidi ya kumi kila moja! Nilikuwa nasema kweli!

Mkurugenzi wa taasisi amefuta takwimu zote za Holler, madodoso yakiwemo. Amesema hajui tena kipi nimekigusa.

Jumanne, 17 Oktoba

Kituo kinaondolewa mwisho wa mwezi. Wiebke alikitetea mpaka sauti ikamkauka. Mimi nimeachishwa kazi.

Bi Tietjen alinisubiri ngazini. “Bwana Büsing, uliniambia nikuachie wewe. Nikakuachia.” Akashuka taratibu, ameshika ukuta.

Ijumaa, 20 Oktoba

Siku mbili sikutoka kitandani. Leo nimeinuka na Gerold ameshakubali, kwa masharti mazito, kuukopesha mtaa gari lake kuukuu. Nitapima athari yake mimi mwenyewe na kuipelekea kamati matokeo.

Kosa langu nimeliona. Nilipunguza magari mwishoni, wakati kila mtu anatazama. Busara ni kuyaongeza mwanzoni! Hesabu ya kwanza ni Jumapili. Nimewaalika majirani wote kwa kahawa, na kila mmoja alete jamaa wa mbali, mwenye gari. Bi Tietjen amejibu kwamba yeye na dada yake siku hizi wanapanda basi. Nimemsihi waje kwa teksi, na dereva asiondoke mpaka nimalize kuhesabu.