Seli Tatu Zilizokataa Kususa

Jumatatu, 2 Juni
Ijumaa Profesa Henriqueta atakuja kumwona panya wangu, Fidalga. Nyaya nyembamba kuliko unywele zinasikiliza seli za ubongo wake. Kengele ikilia, tone la maji ya sukari hudondoka, seli zinashangilia. Profesa akiridhika, napata mwaka mwingine hapa maabara. Asiporidhika, naiaga Lisboni, narudi Beja kuuza vifungo dukani kwa mama.

Anselmo wa meza ya pili ana panya mwenye seli zenye kelele kuliko zangu. Ameniuliza kama Fidalga amefiwa.

Jumanne, 3 Juni
Nimezidisha sukari maradufu. Kimyakimya. Seli zote zimelipuka kama fataki! Mchana nimekula sardini kwa hamu.

Alhamisi, 5 Juni
Anselmo kachungulia skrini yangu, karudi mezani kwake haraka. Utamu ulioje. Nimepiga pasi blauzi ya kesho.

Ijumaa, 6 Juni
Asubuhi Anselmo, kwa wema wake usioombwa, aliosha chupa za wote na kuzijaza maji ya kawaida. Nikaligundua hilo Profesa akiwa tayari nyuma yangu.

Kengele. Tone. Fidalga akalamba, akageuka kama mgeni aliyepewa chai kavu. Seli zikanyamaza. Anselmo akaguna kwamba bibie ameleta panya aliyesusa. Nikaviona vifungo, vyote, kwa rangi zake.

Ila seli tatu. Ziliendelea kushangilia tone lile lile, bila aibu.

Profesa akavuta kiti. Akauliza nimebadilisha nini. Nikakiri: tangu Jumanne sukari maradufu, leo maji matupu. Akasema haya, mwanangu, ndiyo anayoyatafuta: kila seli ina matarajio yake. Nyingi zilishazoea makubwa, zikavunjika moyo. Hizi tatu hazikutegemea kitu, basi chochote kwao ni sherehe. Mwaka nimepewa. Ila sukari nisiiguse tena bila kumwambia. Nimeapa.

Nimejifungia chooni, nikapumua mpaka mtu akabisha kuuliza kama nimezimia.

Jumamosi, 7 Juni
Nimelala kama gogo. Kuanzia leo naishi kama seli zile tatu. Sitarajii kitu, simwonei mtu wivu. Amani tupu.

Jumatatu, 9 Juni
Anselmo anasema panya wake anazo tano za namna hiyo. Tano.

Nimenunua asali. Profesa alisema sukari tu.