Muhuri Nilioubishia Apple Valley

Leo nimeaibika mbele ya kanisa zima na mbele ya nyanya yangu, kwa mpigo mmoja.

Jumuiya yetu ya Wakenya hapa Amerika ilipanga hija ya miguu ya siku mbili, kutoka Lakeville hadi kanisani Frogtown. Kila kituo unagongewa muhuri kwenye kadi. Ukifika na mihuri yote, unapewa cheti. Mimi siamini vyeti vya kutembea (wala mambo mengine mengi), lakini nyanya kule Nyeri alikuwa ameshawatangazia wanawake wa chama chake kwamba mjukuu anahiji Amerika. Ningekataaje?

Jana, kituo cha Apple Valley kilikuwa cha Mama Kevin, nesi, na meza yake ya chai na mandazi.

"Lete kadi, kijana."

"Kwanza niulize. Huu muhuri unathibitisha nini? Mtu anaweza kuja na gari, agongewe, aondoke na gari."

"Anaweza."

"Basi unathibitisha tu kwamba kadi ilifika."

"Kunywa chai, profesa."

Nikanywa, nikaendelea. Nilimfafanulia tofauti ya ishara na ushahidi (nimesomea falsafa, kazi bado natafuta). Watu wakanipita kando, wakagongewa, wakaenda zao. Mwishowe Mama Kevin akakubali hoja zangu zote. Nikaondoka kama mshindi, andazi mkononi.

Leo tumefika Frogtown, mimi nikichechemea. Nikampigia nyanya kwa video ashuhudie. Chama kizima kilikuwa kimejibana nyuma yake.

Katekista aliyekuwa akitoa vyeti akaipitia kadi yangu. "Apple Valley hakuna muhuri."

"Lakini nilipita pale. Nilitembea."

"Kadi haisemi hivyo."

"Amesema nini?" nyanya akauliza kwenye simu. "Hakutembea?"

Sauti nyuma yake ikajibu, "Si nilikwambia, hawa watoto wa Amerika hata dukani huenda na gari."

Nikamwona Mama Kevin akigawa soda. Nikamkimbilia (kwa mwendo wa kobe), simu mkononi.

"Mama Kevin, si unanikumbuka?"

"Nitakusahauje? Chai ilipoa nikikusikiliza."

"Basi nigongee, tafadhali."

Akautoa muhuri mkobani, akaupulizia, kisha akaushikilia hewani. "Na unathibitisha nini, mwanangu?"

Foleni yote ya cheti ikageuka. Nyanya alikuwa amesogeza jicho moja hadi likajaa skrini.

"Unathibitisha kwamba mtu alitembea," nikanong'ona.

"Ongeza sauti. Nyanya yako hajasikia."

Nikarudia kwa sauti, kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Akagonga. Huko Nyeri vigelegele vikapasua spika ya simu, na foleni ikacheka hadi katekista akavua miwani.

Cheti ninacho. Kimeandikwa kwamba nilihiji kwa ukimya na unyenyekevu. Sijauliza swali hata moja.