Kokoto Zilizonyweshwa Pombe

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Ghala la zamani la ushirika limebomolewa! Miaka kumi na moja nilikuwa mtunza stoo humo, mpaka nikapunguzwa kazi. Sasa soko huria, na Bwana Mayala, mnunuzi binafsi wa pamba, anajenga lake palepale. Kaniambia kifusi nichukue chote. Nimechukua chote. Kimejaa uani. Nitakiponda kiwe kokoto. Mimi Januarius, mfanyabiashara!

Mke wangu Klementina kauliza nguo ataanika wapi. Mustapha wa duka la saruji kacheka hadi kukohoa. Eti kokoto za zege kuukuu hunywa maji kama ng'ombe waliotoka machungani. Wivu.

Jumanne, 2 Agosti
Mustapha kasema kweli. Nimeloweka debe moja la kokoto, maji yamekwisha.

Nimekwenda kwa Mwalimu Athanasi wa kemia. Kaeleza kwamba saruji kuukuu iliyoganda kwenye kokoto bado ina chokaa. Ikipata hewa ya ukaa, kabonidayoksaidi, chokaa inageuka jiwe na vitundu vinaziba. Nikauliza hewa hiyo inauzwa wapi Bariadi. Akasema pombe ikichacha huitoa bure.

Shemeji yangu Nyanjige anapika pombe. Mungu ananipenda.

Alhamisi, 4 Agosti
Shimo la kutibia kokoto tayari. Kokoto zimenyunyiziwa maji kidogo, turubai juu, mpira wa kupitisha hewa kutoka kwenye mapipa ya Nyanjige hadi chini. Mwalimu kakataza mtu kuingiza kichwa. Nikateremsha mshumaa kwa kamba. Ukazimika! Hewa imejaa, nikashangilia. Kuku wa jirani akaingia kutazama. Tumemtoa kwa fimbo ndefu. Alizinduka, akaondoka akitembea upandeupande.

Mustapha sasa anatangaza mjini kwamba nanywesha mawe pombe. Wazee wawili wamekuja. "Mwadila," wakasalimu kwa Kisukuma, kwa heshima, kisha wakauliza mawe yale, kama mizimu, yalikuwa yanadai nini. Wateja wa Nyanjige nao wanalalamika kwamba pombe imepungua ukali, mawe yamekunywa ya kwanza. Nyanjige kaapa kwamba nikimfukuzia wateja ataniweka mimi shimoni.

Jumapili, 7 Agosti
USHINDI! Klementina na Mwalimu wameloweka madebe mawili, moja la kokoto zilizotibiwa, moja la mbichi. Zilizotibiwa zimekunywa karibu nusu tu ya wenzao! Klementina kapima mara tatu na kuandika kila kitu daftarini. Mustapha kachungulia, hakucheka. Siku tamu kuliko ya harusi yangu. (Klementina asisome hapa.)

Bwana Mayala kaona mfano, anataka kokoto za sakafu ya kuwekea mizani. Lori zima! Mwalimu kasema shimo letu litahitaji wiki tatu. Nimekubali wiki tatu. Kisha nikamwendea Mayala peke yangu, nikamwambia keshokutwa.

Jumanne, 9 Agosti
Nimepeleka. Mbichi chini, zilizotibiwa juu. Klementina kaniuliza, "Baba Monika, na hizo za chini?" Nikamjibu hata nyanya sokoni hupangwa hivyo. Kaingia ndani na daftari lake.

Fundi kalalamika kwamba zege linakauka kabla hajalisawazisha. Nikamwambia aongeze maji. Kaongeza. Likakauka. Akaongeza tena.

Jumatatu, 22 Agosti
Siku ya kwanza ya kupima pamba. Mguu mmoja wa mizani umezama sakafuni, kwenye zege lile la maji mengi, kama kidole kwenye ugali. Mizani ikalala, kilo zikapungua. Wakulima wakadhani wanaibiwa! Mama mmoja, Esteria, aliyelima msimu mzima na watoto wake, kakaa juu ya gunia lake akilia. Kelele zote zikamwelekea karani wa mizani, kijana wa watu asiye na kosa.

Nilikuwa nyuma ya trela. Ningeweza kwenda zangu. Lakini yule mama alilia sana. Nikatoka, nikasema kosa ni langu. Mayala akanipa nyundo nivunje sakafu yangu mwenyewe.

Akauliza ni nani aliyepima zile kokoto za mfano. Klementina akaleta daftari. Kazi kapewa yeye! Kamwambia Mayala usoni, "Wiki tatu, hata siku moja sipunguzi." Mayala kakubali. Kwa sasa mizani itakaa chini ya mwembe wa jirani.

Jumamosi, 1 Oktoba
Sakafu ya Klementina imepitiwa na trekta lenye trela la pamba. Hakuna ufa. Mustapha kamwazima mapipa mawili, naye anamwita Mama Mhandisi. Mimi nilishika mpira wiki tatu.

Ila nimepata muda wa kufikiri. Tatizo liko wazi: pombe huchacha polepole mno. Na hewa ya ukaa, kumbe, hata binadamu huitoa puani! Nimezungumza na mwenyekiti wa kwaya. Waimbaji arobaini, watazunguka shimo na kuimba wakiwa wameinama. Nimemwomba wachague nyimbo ndefu. Klementina nimemwambia ni mazoezi ya Krismasi.