Puto na Baluni

Bwana Bajeti alikuwa kwenye foleni ya duka la kutoa kopi, akisubiri kuchapiwa kadi za biashara kwa kazi ambayo hakuwa ameiamua bado, aliposikia nyuma yake sauti ya mwanamke mwenye uwezo.

"Kadi sitini," sauti ilisema. "Ukingo uwe wa dhahabu. Wakwe wakizishika tu, wajue mtoto wao ameoa wapi."

Bwana Bajeti hakugeuka. Mjanja aliyeiva huyatanguliza masikio, macho yakafuata baadaye. Kwa masikio peke yake akapata kwamba mwanamke ana duka la magodoro, binti yake ana mimba ya miezi minane, sherehe ya bebi shawa ni Jumamosi, na kwamba hajui hata pa kuanzia kwenye bajeti. Neno hilo la mwisho lilimshukia tumboni kama chai ya moto.

Na tusifichane, alilihitaji. Asubuhi ile ile mwenye nyumba alikuwa amekuja na bisibisi, akaung'oa mlango wa chumba chake, akauweka begani na kuondoka nao. "Miezi miwili," alisema. "Jumamosi jioni nisipoiona pesa, kinachofuata ni kitanda." Pesa yenyewe ilikuwepo: laki moja na sitini, imekunjwa ndani ya soksi ya kushoto. Lakini kumkabidhi mtu pesa nzima, bila kuizalisha kwanza, Bwana Bajeti aliona ni kuitukana taaluma yake.

Akageuka.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, masikio yangu hayana adabu. Nimesikia umetaja bajeti."

"Marahaba. Na wewe ni nani?"

"Bwana Bajeti."

"Bwana Bajeti nani?"

"Ndilo jina lote, mama yangu. Wengine wana ukoo, mimi nina kazi."

Mama Magodoro, kama mtaa mzima ulivyomwita, alicheka mpaka akashika kaunta. Bwana Bajeti alijua kwamba mtu akikucheka vile, mkoba wake umeshaanza kufunguka.

Kesho yake akakaribishwa sebuleni, kwenye makochi ambayo bado yalikuwa ndani ya plastiki. Binti mwenyewe alikuwepo, miguu imevimba na kupumzishwa juu ya mto. Karibu na dirisha, kwenye kiti cha mbao, alikaa mama mmoja mwembamba, miwani shingoni na kalamu nyekundu imechomekwa kwenye kilemba.

"Huyo mdogo wangu," alisema Mama Magodoro. "Mwite Mama Mdogo, kila mtu anamwita hivyo. Hasemi sana. Wewe tusomee."

Bwana Bajeti alisimama, akanyoosha koti lake jeusi na kukunjua karatasi. Lilikuwa koti la maana sana, kwani ndilo lililomfanya aonekane mtu wa kuaminiwa; bila hilo, alikuwa shati tu.

"Mimi nina kanuni moja," alianza. "Kila neno na mstari wake, kila mstari na pesa yake. Wenzangu wanakuandikia 'mapambo' halafu pesa inapotelea humo. Mimi sifichi kitu. Maputo sitini, elfu sitini. Baluni sitini, elfu sitini. Hema, elfu tisini. Turubai, elfu tisini. Glasi. Bilauri. Spika. Vipaza sauti. Kwa ajili ya mtoto, nepi. Pia winda..."

"Samahani, kaka," binti alisema. "Maputo na baluni?"

"Swali la mama bora hilo! Puto linapaa. Baluni inaelea."

"Ahaa. Na glasi na bilauri?"

"Glasi ni ya kunywea. Bilauri ni ya kumheshimu mgeni."

Binti akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Bwana Bajeti akaendelea, uso umekunjamana kwa uzito wa dhamana aliyobeba. "Mengineyo, laki moja. Na kadhalika, elfu themanini. Jumla, laki tisa."

"Laki tisa!" Mama Magodoro alipiga makofi. Hakusikia gharama, alisikia habari ya kwenda kuwasimulia wakwe. "Watazimia! Hebu nipeni mkoba wangu."

"Dada, subiri," alisema Mama Mdogo.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, ya upole kabisa. Alivaa miwani, akaipokea karatasi na kuisoma polepole, kidole kikishuka neno kwa neno.

"Maisha yangu yote sijaona mtu anayeyaheshimu maneno hivi," alisema. "Mwanangu, kazi hii inastahili mkataba. Na wewe uanze kututolea amana. Elfu themanini tu. Jumamosi saa nane unachukua laki tisa zako taslimu, na amana yako juu."

Bwana Bajeti alipiga hesabu haraka. Saa nane, kabla ya wageni. Mwenye sherehe anayesubiri wakwe hahesabu baluni; hulipa na kukimbilia jikoni. Yeye angeingilia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Akainama, akavua kiatu, akatoa elfu themanini. Mama Mdogo akamwandikia risiti.

"Sasa dhamana," alisema Mama Mdogo. "Elfu themanini."

"Mama, nimeshatoa."

"Umetoa amana. Hii ni dhamana." Alimtazama juu ya miwani, bila hila hata kidogo usoni. "Au ni kitu kimoja, mwanangu? Wewe ndiye mtaalamu. Kama ni kitu kimoja, useme, turudi tuangalie na kwenye orodha yako."

Bwana Bajeti alifungua mdomo. Ndani yake maneno matatu yalikuwa yamejipanga tayari: ni kitu kimoja. Akaona maputo na baluni vikitazamana. Akayameza, moja moja, kama vidonge bila maji.

"Hapana," alisema. "Tofauti kabisa." Akavua kiatu tena.

"Vizuri. Imebaki rehani. Hiyo si pesa, ni kitu tu. Hilo koti litatosha."

Mkataba ulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: kila neno lina kitu chake. Wa pili: neno litakalokosa kitu chake, mtoa huduma anapoteza alichoweka. Alisaini kwa kalamu nyekundu, akatoka akiwa shati tu, akipiga mluzi. Laki tisa! Angemlipa mwenye nyumba, kisha angenunua mlango wake mwenyewe, wa chuma, wenye kitasa cha dhahabu.

Jumamosi saa nane kamili aliwasili na kifuko cha maputo sitini ambayo hayajajazwa hewa. Muziki ulikuwa unalia tayari. Hema limesimama, viti vimejaa, keki ya ghorofa tatu iko mezani, na wakwe wameketi mstari wa mbele, midomo wazi. Kumbe kadi zilisema saa saba.

"Huyo hapo!" Mama Mdogo alipaza sauti, karatasi mkononi, na muziki ukazimwa. "Mwanangu, tukague. Maputo sitini?"

Akatoa kifuko.

"Safi. Baluni sitini?"

Watu sitini wakamgeukia. Bwana Bajeti alihisi jasho likilitafuta koti na kulikosa.

"Mama Mdogo, tuongee pembeni."

"Pembeni ni mstari wa ngapi?"

Hakukuwa na mstari huo. Hakukuwa na turubai, wala bilauri, wala winda, wala na kadhalika. Mama Mdogo alitia alama nyekundu kila mahali, mkono mwepesi, akionekana kufurahi.

"Huyu amesahihisha vitabu kiwanda cha uchapaji miaka ishirini na saba," binti alimnong'oneza Bwana Bajeti. "Kazi yake ilikuwa kukata maneno yaliyojirudia."

"Na hivi vyote?" aliuliza Bwana Bajeti. "Hema, keki... nani amelipa?"

"Amana imelipa hema na viti," alisema Mama Mdogo. "Dhamana imelipa keki, muziki na vinywaji. Ukiondoa marudio, bajeti yako ni nzuri sana."

Mama Magodoro akanyakua kipaza sauti, kile kimoja kilichokuwepo. "Wakwe zangu! Mfadhili wa shughuli hii yote ndiye huyu hapa! Hajataka hata senti!"

Vigelegele vikapanda. Baba mkwe alimpa mkono, binti akamkumbatia huku machozi yakimtoka, na mtoto tumboni akampiga teke la ubavu. Kwa muda mfupi, na hili linasemwa kwa aibu, Bwana Bajeti alifurahi kweli kweli. Hakuwa amewahi kushangiliwa akiwa bado yupo.

Kisha akakumbuka mlango.

"Mama Mdogo," alibembeleza, "angalau nirudishieni jaketi langu."

Mama Mdogo alizipitia risiti zote, mbele na nyuma.

"Hapa tulipokea koti," alisema. "Jaketi silioni." Akapuliza puto moja, akamfungia uzi. "Chukua hili. Baluni zikija, nitakuita."

Mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kizingiti kisicho na mlango, bisibisi mapajani. Akamwona mpangaji wake akija bila koti, ameshika puto la waridi.

"Leo ni leo," alisema akisimama. "Nataka kodi yangu! Nataka pango langu!"

"Kodi na pango ni kitu kimoja!" alilipuka Bwana Bajeti, kwa nguvu zote alizozikalia tangu siku ya mkataba. "Ni kitu kimoja! Kimoja! Kimoja!"

Mwenye nyumba akarudi hatua nyuma, akamtazama kwa huruma.

"Sasa nani amekwambia ni viwili?"